Sura ya Saba: Kumfunza Mtoto Kiingereza kwa Njia ya Hadithi

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyo katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, yalianzishwa mwaka 1958, nayo ni miongoni mwa makazi ya kale kabisa ya namna hiyo barani Afrika. Na katika muda huo wote wamepokewa humo, kizazi baada ya kizazi, Wanyarwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, hata leo wakazi wake wamepindukia 150,000, na mtu atembeaye kutoka Base Camp kwenda Juru au Rubondo husikia njiani lugha nyingi kuliko awezazo kuzifahamu. Kiswahili ndicho kiwaunganishacho wengi wa watu hawa sokoni, kisimani na katika nyumba za ibada, na Kinyankore ndiyo lugha ya wenyeji walio jirani zao. Lakini mtoto aliyezaliwa katika makazi haya, au aliyeletwa humo mgongoni mwa mamaye, akisha kufika darasani hukuta kwamba hesabu, sayansi na maarifa ya jamii, vyote humfikia kwa lugha ambayo nyumbani kwao huenda hapana mtu aisemaye, nayo ni Kiingereza.

Sura hii nawaandikia wazazi wa watoto hao, pamoja na wazazi wenzao wa mjini Mbarara, ambao wamekwisha kuazimia kuanza wenyewe, nyumbani, kuwafunza wadogo wao kusoma na kusema Kiingereza kwa vitabu vya hadithi, ila hawajui washike mtaala upi katika mingi inayotajwa. Jibu langu nalitoa mapema, ili msomaji azipime hoja zitakazolifuata: mtaala wa hadithi ndio uifaao zaidi nyumba isiyo na mali, maadamu hadithi zenyewe zianzie katika lugha na nchi ya mtoto, na maadamu mzazi asiziachie hadithi peke yake kazi ya kumjulisha mtoto herufi.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 humpa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawasawa na mtoto wa raia. Kwa mujibu wa mtaala ulioanza kutumika mwaka 2007, darasa la kwanza hadi la tatu hufundishwa kwa lugha ya mahali, darasa la nne huwa la mpito, na kuanzia la tano Kiingereza hushika hatamu. Illa pale ambapo watoto wa lugha mbalimbali wamechanganyika, shule huruhusiwa kuanza na Kiingereza tangu siku ya kwanza, na mahali penye mchanganyiko kuliko Nakivale ni wapi? Mwisho wa darasa la saba upo mtihani wa PLE, wenye masomo manne, na karatasi zake zote ni za Kiingereza. Mtoto atokaye Kivu, ambaye huko kwao alianza kwa Kiswahili kisha akapokewa na Kifaransa, aghalabu hurudishwa madarasa mawili matatu nyuma, si kwa upungufu wa akili bali kwa upungufu wa lugha, akaketi miongoni mwa watoto aliowapita kimo, katika chumba chenye wanafunzi mia moja na zaidi, ambamo mwalimu, hata awe na huruma ya namna gani, hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma walau ukurasa mmoja kwa juma.

Wala haifai tusahau msiba wa jana. Shule za Uganda zilifungwa mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya maradhi ya korona, na ingawa baadhi ya madarasa yaliitwa kidogo kidogo katikati, hazikufunguliwa kwa ukamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote ulimwenguni. Katika miaka ile karibu miwili kila nyumba iligeuka shule ikipenda isipende, na tofauti ikadhihirika baina ya nyumba iliyokuwa na vitabu vitatu vinne na mtu wa kuvisoma, na nyumba iliyongoja. Watoto walioanza darasa la kwanza Februari 2020 walirudi wakiwa na umri wa kuwa wamekwisha kusoma kwa ufasaha, na wengi wao herufi zilikuwa zimewatoka. Atakayesema kwamba kufunza nyumbani ni anasa ya matajiri na ayakumbuke hayo.

Njia yenyewe ya kumlea mtoto kwa vitabu vya hadithi, badala ya vitabu vya mazoezi, iliwekewa nidhamu na mwalimu Mwingereza Charlotte Mason, aliyezaliwa mwaka 1842 na kufariki mwaka 1923. Katika kitabu chake Home Education cha mwaka 1886, na baadaye katika chuo alichokifungua mwaka 1892 katika mji wa Ambleside, alishikilia kwamba mtoto asilishwe mukhtasari mkavu wa mambo, bali asomewe vitabu vilivyoandikwa na watu waipendao habari waiandikayo. Kwamba masomo ya wadogo yawe mafupi, robo saa au dakika ishirini, ili akili isichoke na usikivu usilegee. Na kwamba, habari ikisha kusomwa mara moja tu, mtoto aisimulie yote kwa maneno yake mwenyewe bila ya kuulizwa maswali. Baadaye huja kunakili sentensi nzuri kwa hati safi, na baadaye zaidi huja imla. Hayo ndiyo yote, na uzuri wake ni kwamba hayataki zana: mtu mmoja asomaye, mtoto mmoja asikilizaye, na kitabu kimoja kistahilicho kusomwa.

Nionavyo mimi, sehemu iliyo ngumu zaidi katika njia hii kwa Wazungu ndiyo iliyo nyepesi kwetu. Kusikiliza hekaya ndefu mara moja na kuirudia kwa mpangilio wake ni kazi ambayo watoto wa Afrika Mashariki wameifanya tangu zamani, bila ya kitabu wala mwalimu wa kulipwa. Edward Steere alipochapisha mwaka 1870 mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili kama alivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja, alikuwa anayatia katika karatasi mambo yaliyokwisha kukomaa vinywani mwa watu. Na katika Nakivale hazina hiyo imekusanyika kuliko popote: Mnyarwanda ana hila za Bakame, ambaye ndiye Sungura wa pwani na Wakayima wa Buganda, Mrundi ana visa vya Samandari, Msomali ana Dhegdheer, lile jike la kutisha lenye sikio refu, lililowatia adabu watoto wa vizazi na vizazi. Mama asiyejua neno moja la Kiingereza anayo tayari nusu ya kwanza ya mtaala, nayo ni nusu isiyouzwa dukani, kwa kuwa mtoto aliyezoea kufuata kisa tangu mwanzo wake hadi mwisho, akabashiri litakalotokea, akahuzunika na kucheka mahali pake, amekwisha kujifunza kazi kubwa ya msomaji kabla hajaijua herufi hata moja.

Sasa niitazame mitaala yenyewe. Unaotajwa sana katika familia za wageni wakaao Afrika Mashariki ni Sonlight, ulioanzishwa Marekani mwaka 1990 kwa ajili ya familia za wamishenari walioishi mbali na shule za kwao. Huja kama sanduku la vitabu vya hadithi pamoja na mwongozo wa mzazi uliogawanya masomo ya mwaka mzima kwa majuma 36. Vitabu vyake vingi ni vizuri na mpangilio wake ni wa makini. Lakini bei yake ni mamia ya dola kwa mwaka mmoja wa mtoto mmoja, bila ya kuhesabu gharama ya kuufikisha Kampala na kuutoa forodhani; aidha ni mtaala wa Kikristo, jambo ambalo familia ya Kiislamu yapasa ilijue kabla ya kutoa fedha na si baada yake. Na lililo kubwa zaidi ni kwamba umetungwa kwa mtoto ambaye Kiingereza amekinyonya pamoja na maziwa, hata kitabu kinachodhaniwa chepesi kwa umri wa miaka sita kina maneno ambayo mtoto wa Juru hatayasikia popote pengine.

Wa pili ni AmblesideOnline, ambao wazazi wafuatao mafundisho ya Charlotte Mason wameutunga na kuutoa bure kwa kila atakaye, na vitabu vyake vingi, kwa kuwa ni vya zamani na haki za waandishi zimekwisha muda, hupatikana bila ya malipo katika intaneti. Bure ni neno tamu kwa mkimbizi, na sitaki kulidharau. Hata hivyo nawasihi wazazi wasiufuate kama ulivyo. Mwaka wa kwanza wa mtaala huo humpa mtoto kitabu cha Our Island Story cha mwaka 1905, ambacho ni historia ya Uingereza iliyosimuliwa kwa watoto. Na mtoto wa Fizi au wa Masisi, ambaye hajawahi kuambiwa habari za ziwa alilozaliwa kando yake, ana deni gani kwa wafalme wa kisiwa kile hata aanze nao? Fauka ya hayo, vitabu vya zamani vina maovu ya zamani. Katika matoleo ya kale ya Just So Stories ya Rudyard Kipling, ngano ya chui na madoadoa yake, karibu na mwisho wake, ina neno la kuwatukana watu weusi, na mzazi aliyepakua kitabu kile usiku na kukisoma asubuhi bila ya kukipitia atalikuta neno lile mdomoni mwake mbele ya mwanawe. Kanuni basi iwe hii, isiyo na ruhusa wala udhuru: kitabu kisisomwe kwa mtoto kabla mzazi, au mwalimu anayemwamini, hajakisoma peke yake hadi ukurasa wa mwisho.

Sikatai vya kigeni kwa sababu ya ugeni wao. Kisa cha Peter Rabbit kilichoandikwa na Beatrix Potter, kilichotoka mwaka 1902, cha sungura mtoto aliyemwasi mamaye akaingia bustani ya watu kuiba mboga, hufahamika upesi kwa mtoto yeyote ambaye wazazi wake wamewahi kulinda maharage yasiliwe, na sentensi zake ni fupi na picha zake humfasiria msomaji. Kadhalika miaka ya 1920 Frederick Johnson na wenzake walipofasiri Kisiwa Chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani kwa Kiswahili, wasomaji wa pwani na bara walivipokea kwa furaha, kwa kuwa hadithi nzuri haina kabila. Ninalolipinga ni kumwanzisha mtoto mbali na alipo, ilhali karibu yake pana vya kutosha.

Je, upo ushahidi kwamba hadithi zaweza kumfunza Kiingereza mtoto ambaye lugha hiyo si yake? Upo, tena ulio bora watoka kwa watu wanaofanana na sisi kuliko Waingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wawili, Warwick Elley na Francis Mangubhai, walikwenda katika shule za vijijini za Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki, ambako watoto huzungumza lugha zao nyumbani na hukutana na Kiingereza shuleni tu, wakayapa madarasa ya nne na ya tano katika baadhi ya shule zile vitabu 250 vya hadithi zenye picha, vilivyochaguliwa kwa kuwa vinapendeza, huku shule nyingine zikiendelea na mazoezi ya sarufi na ya kukariri miundo ya sentensi kama desturi. Katika baadhi ya madarasa yaliyopewa vitabu mwalimu alikisoma kitabu pamoja na watoto, wakakizungumza, wakakiigiza, wakakirudia; katika mengine watoto waliachwa tu wasome kimya kila siku kwa nusu saa hivi. Baada ya miezi minane watoto waliopewa hadithi walikuwa wamepiga hatua katika kusoma na kusikiliza kwa mwendo wa takriban maradufu ya wenzao, na mwaka uliofuata faida ile ikaenea hata katika kuandika na katika sarufi yenyewe, ambayo hawakuwa wakifundishwa kwa mazoezi mengi kama wale wengine. Habari hiyo imenipa moyo kuliko nyingine yoyote niliyoisoma katika mas-ala haya, kwa sababu Fiji ile haikuwa na umeme mwingi wala walimu wa ajabu.

Lakini insafu yataka niseme na upande wa pili. Watoto wa Fiji walikuwa na miaka tisa hadi kumi na mmoja, na walikuwa wamekwisha kujua kusoma. Hadithi ziliwapa lugha, hazikuwapa herufi. Hapa ndipo wazazi wengi wapendao vitabu hujikwaa: humsomea mtoto mwaka mzima, mtoto akakihifadhi kitabu kwa moyo na kukigeuza kurasa mahali pake barabara, mzazi akafurahi akidhani mwanawe anasoma, kumbe kitabu kikibadilishwa hawezi neno. Kiingereza kina herufi 26 na sauti zipatazo 44, na irabu zake tano huandikiwa sauti zinazokaribia ishirini, wala hakuna mtoto atakayeyavumbua hayo mwenyewe kwa kusikiliza ngano. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Philip Seymour na wenzake, uliolinganisha watoto waanzao kusoma katika lugha 13 za Ulaya, ulionyesha kwamba mtoto wa Kiingereza huhitaji muda unaozidi maradufu ya ule anaouhitaji mwenzake wa lugha yenye tahajia nyoofu ili afikie kiwango kile kile cha mwanzo. Na ikiwa hali ni hiyo kwa mtoto aliyezaliwa katika Kiingereza, tusimfanyie haraka mtoto wa Rubondo.

Kiswahili ni katika lugha zenye tahajia nyoofu. Mtoto akisha kuzijua silabi zake, tangu ba na be hadi nya na ng'o, husoma lolote lililoandikwa, na kazi hiyo mtoto wa miaka sita aliyetulizwa vizuri huimaliza kwa miezi michache. Kwa hiyo nashauri, tena kwa msisitizo, kwamba kusoma kuanze kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mama ikiwa ina vitabu, huku Kiingereza kikiingia kwa masikio tu: kwa nyimbo, kwa amri ndogo ndogo za nyumbani, kwa hadithi fupi zenye picha. Mtoto akisha kushika siri kwamba herufi ni sauti, na kwamba sauti zikiunganishwa huwa neno, siri hiyo haina haja ya kufundishwa mara ya pili. Kinachobaki ni kumjulisha namna Kiingereza kinavyozitumia herufi zile zile kwa mazoea yake. Hapo mpango wa Jolly Phonics, ambao shule nyingi za chekechea za Uganda huutumia, hufaa sana, kwa kuwa umezipanga sauti 42 kwa makundi na kuanza na zile ziundazo maneno mengi upesi, yaani s, a, t, i, p na n. Dakika kumi na tano kila asubuhi zatosha, na ziwe mbali na wakati wa hadithi, ili hadithi ibaki kuwa furaha. Neno moja kwa Wakongo: kaka na dada walioanza shule kwa Kifaransa ni wasaidizi wema, lakini huzisoma ch na j za Kiingereza kama walivyozizoea kwao, basi yafaa wao nao wazipitie sauti hizo kabla ya kumshikia mdogo wao kitabu.

Vitabu vyenyewe ni vipi? Cha kwanza hutengenezwa nyumbani. Mwalimu Sylvia Ashton-Warner wa New Zealand, katika kitabu chake Teacher cha mwaka 1963, alieleza jinsi alivyowafunza kusoma watoto wadogo wa Kimaori kwa maneno waliyoyasema wao wenyewe, maneno ya hofu na mapenzi yao, akiyaandika na kuyafanya vitabu vyao vya kwanza. Na sioni sababu ya mama wa Nakivale kushindwa kufanya hivyo kwa daftari la kurasa 48 na kalamu. Mtoto husimulia hadithi ya Bakame aliyoisikia jana, mkubwa mmoja huiandika kwa sentensi fupi nne tano, mtoto huchora picha juu yake, na kitabu kimekwisha kuzaliwa. Ukurasa wa pili yake huachwa mtupu hadi siku ambayo mwalimu jirani, au kijana wa sekondari, ataziandika sentensi zile kwa Kiingereza.

Baada ya hapo huja hazina kubwa ya bure, nayo ni African Storybook, iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini na kufunguliwa kwa watu wote mwaka 2014, Uganda na Kenya zikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo ilikojaribiwa. Hadithi zake ni fupi na zina picha za watu na vijiji vinavyofanana na vyetu, zimepangwa kwa ngazi tano tangu maneno machache kwa ukurasa hadi zile za kusomewa, na mtu yeyote huruhusiwa kuzipakua, kuzichapa na hata kuzifasiri. Lakini fadhila yake kubwa kuliko zote ni kwamba nyingi zinapatikana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, picha zikiwa zile zile. Jumatatu mtoto husoma habari kwa Kiswahili, akaicheka, akaisimulia; Jumatano hukutana na picha zile zile kwa Kiingereza, naye hana haja ya kuuliza maana, kwa sababu maana anayo tayari, na kazi yake yote huwa ni kuyatazama maneno. Mtu akiwa na fedha kidogo na aende Mbarara, apeleke hadithi ishirini katika flashi kwenye duka la fotokopi, azichape nyeusi na nyeupe, azikunje na kuzishona kwa uzi, naye atarudi na maktaba ambayo shule nyingi hazina.

Mtoto akifika umri wa miaka minane au tisa, na akisoma bila ya kukwama, waandishi wetu wanamngoja. Pamela Kola wa Kenya alitoa mwaka 1966 East African How Stories, ngano za kueleza asili ya mambo, zenye lugha nyepesi na urefu wa kikao kimoja. Okot p'Bitek, ambaye watu wazima humjua kwa mashairi, alikusanya ngano za watu wake katika Hare and Hornbill mwaka 1978. Na Barbara Kimenye, aliyezaliwa Uingereza lakini akaishi na kuandika Uganda, aliwaachia watoto mfululizo wa visa vya Moses na wenzake katika shule ya bweni yenye vituko, ambao tangu miaka ya 1960 umewafanya watoto wa Uganda wacheke kwa Kiingereza. Na mtoto akisha kucheka kwa lugha, lugha hiyo haimwogopeshi tena. Vitabu hivi havipatikani kila siku, vingine vimekwisha madukani na hutafutwa kwa wauza vitabu vilivyotumika. Atakayevikuta na avinunue hata kama mtoto bado mdogo.

Familia moja si lazima ibebe mzigo wote. Huko Kitengesa, katika wilaya ya Masaka, maktaba ya kijiji ilianza mwaka 1999 kwa sanduku moja lenye vitabu 161, baadaye ikapata jengo lake. Nyumba sita za kijiji kimoja cha Nakivale, kila moja ikichapa hadithi kumi zisizofanana na za wenzake, zina vitabu sitini vya kubadilishana kila Ijumaa. Na pale ambapo hakuna mtu mzima wa kusoma Kiingereza kwa matamshi ya kuaminika, mwalimu mmoja aombwe asome hadithi hizo mbele ya simu, sauti ihifadhiwe, kisha ipitishwe kwa wote. Bando halihitajiki tena baada ya hapo, na mtoto ataisikia sauti ile ile mara nyingi apendavyo huku kidole chake kikifuata mstari.

Kuhusu mwendo wa siku, nasaha yangu ni kiasi. Asubuhi sauti za herufi, robo saa; kabla ya jua kuchwa hadithi moja, na masimulizi ya mtoto, kwa lugha aitakayo. Masimulizi ya Kiswahili juu ya hadithi ya Kiingereza si kosa, bali ni dalili kwamba ameelewa, na mzazi asimkatize kwa kumsahihisha. Kiingereza chake kitakuja chenyewe, kwanza kwa neno moja moja ndani ya Kiswahili, kisha kwa sentensi nzima. Mara mbili kwa juma na anakili mstari mmoja kwa hati nzuri. Imla ingoje hadi atimize miaka minane au tisa. Ikiwa mtoto huenda chuoni kusoma Kurani au huenda shule ya asubuhi, mtaala huu hauondoi kitu huko, kwa kuwa wote hauzidi dakika arubaini kwa siku.

Mzazi anayemfunza mwanawe nyumbani kwa ukamilifu, bila ya shule, na ajue tangu mapema kwamba watahiniwa wa PLE husajiliwa kwa baraza la mitihani, UNEB, kupitia shule yenye kituo cha mtihani. Kwa hiyo kabla mtoto hajafika umri wa darasa la sita yampasa mzazi aende kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, akiwa amechukua madaftari ya mtoto na orodha ya vitabu alivyovisoma, aombe nafasi kwa adabu na mapema. Hilo la PLE lina miaka yake. La hadithi halina haja ya kungoja muhula, wala mfadhili, wala sanduku kutoka ng'ambo: mkalishe mwanao jioni ya leo, msimulie ile uliyosimuliwa na bibi yako, kisha umwache naye akusimulie.